Dumu la Maji Nililolikwepa

Alhamisi, 19 Juni

Nimepaka ndevu dawa ya viatu. Nyeusi tii! Harufu ipo, lakini itaisha njiani. Kosa si langu. Marehemu baba aliota mvi kabla hajaoa, na mimi nimemfuata: miaka thelathini na saba, kipara, ndevu nyeupe. Wateja wangu wa viatu vya mtumba pale mnadani Karatu wananiamkia shikamoo kutwa nzima. Kipara nitakifunika kwa kofia.

Mpango uko hivi. Seenoi wa duka la dawa, mkabala na kibanda changu, ameandaa matembezi ya watu wa hapa mjini. Utalii wa ndani! Siku tatu kwa miguu huko juu Ngorongoro, mpaka kreta ya Empakaai. Kiongozi ni baba yake mzazi, Mzee Olais, mwenye punda wa mizigo. Mwezi uliopita nilimwambia Seenoi yaliyomo moyoni. Hakukataa! Alisema baba yake akinikubali, yeye hana neno. Siku hiyo nilimrudishia mteja chenji mara mbili. Kwa hiyo mimi siendi kutazama kreta. Naenda kutazamwa na mkwe.

Kikwazo ni Emilian, mwalimu wa hisabati, ambaye naye anakuja. Mrefu, mpole, kanisani anabeba watoto wa watu bila kuombwa. Ananikera sana. Nimemuuzia buti nzuri za mlima zinazombana.

Ijumaa, 20 Juni

Nainokanoka. Ukungu, baridi, matope. Seenoi alitangulia na akina mama na askari wa hifadhi. Wanaume tukabaki na Mzee Olais. Mfupi, mkavu, macho yanakupima mpaka kwenye soksi.

Alisema kwake watu hawatembei ovyo, wanatembea kwa rika. Kila mwanaume ataje mwaka aliozaliwa. Waliozaliwa themanini na kuendelea ni vijana, watabeba madumu ya maji na kusimamisha mahema. Kama yupo wa rika lake, yaani Landisi, huyo atashika fimbo tu. Mzigo wake utapanda punda, na nyama ataonja wa kwanza.

Dumu lenyewe ni la lita ishirini! Nikaomba udhuru, nikaenda nyuma ya kichaka na sabuni na chupa yangu ya maji. Nilisugua ndevu mpaka kidevu kikawaka moto. Kofia nikaitia mfukoni. Nikarudi na ndevu nyeupe, nikatangaza kwamba nilizaliwa sitini na tisa.

Mzee alinikumbatia. Aliita punda wake aje anione. Emilian, kwa ujinga wake wa kusema ukweli, akataja mwaka tisini na kupewa dumu.

Siku tamu! Nilitembea na fimbo, nikikohoa kidogo kwa heshima. Tatizo lilikuwa koti. Mzee alilipenda, akalivua mwilini mwangu na kulivaa. Alinieleza kwamba watu wa rika moja hawaombani, wanachukuliana. Nimetetemeka mchana kutwa, lakini mkwe amenipenda na ndicho nilichofuata huku. Emilian kachubuka vidole, kavua zile buti. Nilifurahi mpaka Mzee alipompa katambuga zake za akiba na kumsifu kwamba anatembea kama mtoto wa Kimasai.

Jumamosi, 21 Juni

Empakaai. Tumeteremka msituni mpaka ziwani. Maji ya kijani, flamingo ukingo mzima. Sikutazama sana, nilikuwa kazini.

Tulikaa juu ya gogo, Landisi wawili. Mzee akaniuliza mwaka ule wa ukame, themanini na nne, nilikuwa wapi. Sikuwa nimezaliwa! Nikasema nilikuwa kijijini kwetu, tukila majani ya maboga bila chumvi. Hayo ni ya baba. Alitusimulia kila tulipobakiza chakula.

Mzee akanishika mkono na hakuuachia. Yeye alikuwa Olbalbal, akiswaga ng'ombe kutafuta maji pamoja na rika lake, Loserian. Ng'ombe walianguka mmoja mmoja njiani. Siku maji yalipobaki kidogo kwenye kibuyu, Loserian alisema ameshakunywa. Hakuwa amekunywa. Loserian alifariki mwaka juzi. Tangu hapo Mzee hajapata wa kutembea naye sambamba, maana vijana kwa heshima hukaa nyuma yake, na hao hawezi kuzungumza nao. Nikauminya mkono wake. Halafu nikakumbuka mpango.

Nikasema nina jambo kuhusu Seenoi. Akasema hata yeye analo, tena aanze yeye kwa kuwa ni mwenyeji. Akamwita binti yake. Akamwambia kuanzia leo ana baba mwingine, kwa sababu kwao mtoto wa rika lako ni mtoto wako wa kumzaa. Atakayetaka kumwoa itabidi apite na kwangu.

Mtoto wangu! Kumwoa nisithubutu hata kuota!

Seenoi alinitazama. Akazitazama ndevu. Akauliza polepole nilitaja mwaka gani. Baba yake akajibu kwa niaba yangu, kwa fahari kabisa. Basi Seenoi akainamisha kichwa mbele yangu kama watoto wao wanavyowasalimia wazee, nami nikamwekea mkono kichwani. Mzee alikuwa ananitazama, ningefanyaje?

Jumapili, 22 Juni

Seenoi alinifuata asubuhi wakati wa kufungua mahema. Alianza na shikamoo baba. Alisema mwezi mzima amenisifia nyumbani kwao, mama yake alishaanza kuuliza sisi Wairaqw tunapenda chakula gani. Kumbe mimi nimemwacha kwa sababu ya dumu. Hakuwa anacheka. Ningependa angecheka.

Nikaapa kwamba nitakwenda kumwambia baba yake ukweli, sasa hivi, liwalo na liwe. Akasema haya, nenda.

Nikamfikia Mzee kwenye mteremko. Alikuwa ndani ya koti langu, anaimba chinichini. Aliponiona akapunguza mwendo ili tuwe sambamba. Nikafungua mdomo. Nikasema baridi ya huku ni kali.

Seenoi aliyaona yote. Tulipopumzika, kikombe cha kwanza cha chai alimpa baba yake, cha pili akaniletea mimi. Cha tatu kilikwenda kwa Emilian, na hapo alikaa muda mrefu.

Jumamosi, 5 Julai

Posa! Emilian amekuja bomani kwa Mzee Olais na ndugu zake kutoka Buger. Sukari, asali, mablanketi. Nami nimekalishwa kwenye kigoda upande wa baba wa binti, nikiwa baba wa binti.

Nilijipanga kumbana kwa maswali mpaka aondoke mwenyewe. Nikamuuliza kwa ukali kama mtu asiyeweza kuvaa buti siku moja ataweza kutunza mke. Emilian akanitazama, akasema buti zilikuwa nzuri na aliyemuuzia ni mtu mwema, ila miguu yake ndiyo mibaya. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Nilitamani kigoda kinimeze.

Halafu Mzee akasema rika lake ndiye atakayeanza kubariki. Nikasimama. Seenoi akainamisha kichwa, Emilian akainama pembeni yake. Niliwaombea mvua, watoto na afya. Niliyamaanisha yote, na yaliniuma yote. Mzee alidhani nalia kwa furaha, naye akalia. Nimepewa blanketi la baba wa binti. Zito, jekundu, zuri sana. Koti sijarudishiwa.

Jumapili, 6 Julai

Dada yangu Bernadina amecheka mpaka maharage yameungua. Anasema sasa nitakuwa nimejifunza.

Nimejifunza! Nimefikiri tangu misa ya kwanza na kosa nimeliona. Nilijiongezea miaka badala ya kujipunguzia.

Jana kwenye msafara wa Emilian alikuwepo binamu yake, Penina, muuguzi. Ana kicheko kizuri. Jumatano nitapita Buger nikiwa na miaka ishirini na sita. Ni kweli jana aliniona nikiwa mzee wa Landisi mwenye blanketi, lakini hilo nimeshalitengenezea jibu. Nitamwambia yule ni kaka yangu mkubwa, tumefanana.

Limebaki jambo dogo tu, kwamba kwenye harusi ya Seenoi tutatakiwa tuwepo wote wawili, mimi na huyo kaka. Kuna muda, nitalifikiria. Dawa ya viatu imebaki nusu kopo, inatosha kabisa.