Mablanketi ya Matairi na Jicho la Shemeji

Jumatano, 3 Septemba

Nimefika uwanja wa mbio za magari asubuhi, na kabla sijavua koti nimeshaudhika. Gereji yetu imepangwa jirani na ya shemeji. Ukuta mmoja, tena wa mbao! Dunia yote hii, lakini mdogo wa mke wangu lazima awe upande wa pili wa ukuta wangu.

Shemeji ni Mkuu wa Matairi wa timu yake tangu msimu uliopita. Mama mkwe aliutangazia ukoo mzima. Mimi niliyemfundisha hata kushika kipimo cha upepo bado ni mtunza matairi tu. Ila leo bosi kaniita pembeni. Kasema mkuu wetu anastaafu, na mbio hizi zikiisha bila timu kupigwa adhabu ya matairi, cheo ni changu. Mbio moja tu. Na Jumapili mama mkwe atakuwa sebuleni kwetu, mbele ya televisheni.

Tatizo ni sheria. Matairi tunagawiwa, kila gari sawa na jingine, na kila tairi lina alama inayosomwa kwa mashine kama pakiti ya sukari dukani. Lenye mstari mwekundu ni laini: lina kasi, linaisha upesi. Lenye mweupe ni gumu: linadumu, lakini polepole. La njano liko katikati. Katika mbio lazima utumie aina mbili, lakini ole wako uzifunge zote mbili kwa wakati mmoja. Mtu mzima na ndevu zake anapangiwa tairi. Hata mfungwa huulizwa saizi ya kiatu.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimeonewa.

Upepo wa tairi hauruhusiwi kushuka chini ya kiwango walichoweka waandaaji. Lakini upepo ukiwa mdogo tairi hushika lami vizuri, kila mtu anajua. Nikafikiri. Matairi yetu hufunikwa mablanketi ya umeme ili yawe na joto kabla ya kuingia njiani. Tairi likipata joto, upepo hupanda. Basi nikazidisha moto. Mkaguzi akija atakuta upepo umetimia, kisha gari likienda matairi yapoe, upepo ushuke, sisi tufaidi. Akili ni nywele.

Mkaguzi akaja. Hakuanza na upepo. Alianza na kipimajoto! Ni daktari gani anayepima homa kabla ya kumsalimu mgonjwa? Nikamweleza kwamba ni jua. Akaangalia paa juu yetu, akaniangalia mimi. Akasema leo ni mazoezi kwa hiyo ananionya tu, na hana kawaida ya kuonya mara mbili. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo.

Shemeji alichungulia mlangoni akauliza kama niko salama. Kwa huruma kabisa. Huruma ya mtu mwenye cheo inauma kuliko tusi.

Ijumaa, 5 Septemba

Sasa nina hakika. Shemeji ni jasusi.

Amekuja mara mbili. Aliuliza napangaje matairi yangu, kama ninaamua mwenyewe au naamuliwa, na kama nimeizoea timu yangu. Wakati wote macho yako kwenye mablanketi. Anataka kujua tutabadili kwenda tairi gani, akaseme kwao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimempigia mke wangu simu. Kasema mdogo wake anauliza kwa sababu ananipenda, na kwamba nipunguze kuwaza. Ukoo ule wanalindana.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimepata dawa yake!

Kila blanketi letu lina kipande cha utepe: mwekundu juu ya matairi laini, mweupe juu ya magumu. Mafundi wetu huangalia utepe, hufunua, hufunga. Shemeji naye huangalia utepe, hukimbia kwao. Basi wenzangu walipokwenda kula nikaanza kubandika utepe mweupe kwenye malaini na mwekundu kwenye magumu. Atakachopeleka kwao kitakuwa uongo mtupu. Nimesoma kanuni zote mara mbili. Hakuna mstari hata mmoja unaohusu utepe.

Nimemaliza matairi ya mbele. Nilipofika ya nyuma, utepe mwekundu ukaisha. Timu inayopeleka ndege nzima ya mizigo kila baada ya wiki mbili, haina utepe! Nitamalizia kesho.

Jioni shemeji kapita, kaninong'oneza kwamba utepe wangu wa mbele na wa nyuma anaona haulingani, niuangalie. Nusura nicheke mbele yake. Amenasa. Nikamshukuru kwa upole mkubwa.

Jumapili, 7 Septemba

Sitaki kuandika, lakini haki lazima iwekwe mahali.

Stoo ilikuwa imefungwa asubuhi. Sawa. Nikaamua nitawanong'oneza mafundi wa magurudumu ya mbele dakika za mwisho, maana ukisema mapema siri inavuja. Tulipangiwa kubadili matairi katikati ya mbio, na muda ulikuwa tele. Nikaenda kidogo mlangoni kwa shemeji kuona anaandaa nini.

Ndipo mpuuzi mmoja akagonga ukuta upande wa pili wa uwanja. Magari yakapunguza mwendo, bosi akaona nafasi ya kubadili bila kupoteza muda, akamwita dereva wetu kabla ya wakati. Niliposikia wanapiga kelele "Nyeupe!" nilikuwa bado kwa jirani. Nikakimbia. Vijana wetu hubadili matairi manne kabla hujamaliza kupiga chafya. Gari likaondoka mbele likiwa na mekundu, nyuma meupe.

Mkaguzi hakuharakisha hata. Alinyanyua simu tu. Dereva akaamriwa arudi kubadili, kisha akapigwa adhabu ya kusimama. Tulikuwa wa pili. Tumemaliza wa mwisho. Mafundi wa mbele wakasema wao walifuata utepe. Dereva alivua kofia akauliza ni nani. Wote wakanigeukia, hata mkaguzi, ambaye hakuulizwa.

Mke wangu kapiga simu. Kamera ilinionyesha nimeshika blanketi mdomo wazi. Mama mkwe kauliza kama siku hizi magari yanavishwa kama mtoto aliyejitafutia soksi mwenyewe. Kisha kauliza mwanawe yuko gereji gani.

Cheo kimekwenda. Nimeumia, nasema kweli. Nilikwisha kuchagua hata mahali pa kutundika picha ya cheo kipya.

Jumatatu, 8 Septemba

Bosi hakupiga kelele. Alinipa kikwangulio akasema nibandue mpira uliogandia matairi yaliyotumika kabla hayajarudishwa, na kwamba nikimaliza nisiharakishe kurudi kwake.

Shemeji akaja na vikombe viwili vya chai, akaketi juu ya tairi. Kumbe timu yao inatafuta mtu wa matairi, msaidizi wake, na yeye ametaja jina langu tangu Jumatano. Ndiyo maana alikuwa akiulizauliza. Jana wakubwa wake walimuuliza kama ni yule yule wa kwenye televisheni. Akakubali kwamba ni mimi, akasema mimi ndiye niliyemfundisha kazi, na kwamba nikiharibu wamwondoe yeye.

Nikainama nikakwangua tairi lililokwisha kuwa safi, macho yakiniwasha. Vumbi la mpira ni baya sana.

Nimekubali. Naanza mbio zijazo. Nimekaa nikalitafakari kosa langu kama mtu mzima, na nimeliona: utepe haukutosha. Na bosi wangu wa zamani, ambaye sasa atakuwa upande wa pili wa ukuta, leo nimemwona kwa macho yangu akichungulia mablanketi ya shemeji.

Nimepita dukani nikanunua katoni nzima ya utepe, mwekundu na mweupe. Shemeji bado hajui. Nitamwambia dakika za mwisho.