Kebaso na Mizani ya Majani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mke wangu Moureen ameondoka asubuhi kwenda Longisa. Dada yake amejifungua kwa kupasuliwa na anahitaji mtu wa kumshika mkono wiki hii. Mimi nimeachiwa Kebaso, mwaka mmoja na nusu, na agizo moja: mpe chakula, kiasi ataamua mwenyewe. Nikacheka moyoni. Tangu lini mkulima akaachiwa apime majani yake mwenyewe? Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa karani wa kituo cha majani chai. Najua kupima!

Chakula cha mchana: vijiko vitatu vya ugali. Kimoja kilirudi.

Jioni mama mkwe akapiga simu kutoka Fort Ternan. Sisi Wakisii tuna heshima zetu, mkwe na mama mkwe hawaongei ovyo. Kwa hiyo yeye huongea na Kebaso, mimi nasikia. Nikaweka sauti juu, nikamshikia mtoto simu. Akamtuma amwambie baba yake kwamba atakuja Jumapili, na akikuta mjukuu amekonda atamchukua akae naye mpaka Krismasi. Kebaso akalamba simu.

Mpaka Krismasi!

Jumanne, 10 Juni

Nimeleta mizani ya zamani kutoka stoo ya kituo. Nimeitundika kwenye boriti ya jikoni. Kebaso ndani ya kikapu cha majani, anacheka. Kabla ya uji: kilo kumi na moja. Akamaliza kikombe kizima cha uji wa wimbi. Baada ya uji: kumi na moja kasoro kidogo.

Amekula, amepungua! Nikakagua mizani. Nikakagua kikombe. Halafu nikakanyaga maji nyuma ya mlango, na hayakuwa maji.

Kisha nikakumbuka utaratibu wa kazi. Chombo, toa nusu kilo. Majani yakiwa na maji, toa nusu nyingine. Kebaso alikuwa kwenye kikapu na alikuwa ametoka kuoga. Nimeandika kilo kumi.

Kuanzia leo, mchana Kebaso anakaa kwa jirani, Chelangat, mpaka nifunge kituo. Chelangat akaniambia amekula ugali na mayai, akashushia na mursik, maziwa yao ya mgando. Sikuandika. Majani yasiyopita kwenye mizani yangu si majani.

Jumatano, 11 Juni

Balaa! Nimefungua kitabu cha kliniki. Mwezi wa tano: kilo kumi na nusu. Jana: kumi. Nusu kilo imepotelea mikononi mwangu!

Mpango: sukuma iliyokatwa ndogondogo, ifichwe ndani ya avokado. Kebaso akala avokado yote na kunirudishia sukuma kipande kwa kipande, kama akina mama wanavyochagua majani mabovu mezani. Mtoto ana jicho la kazi. Ningefurahi kama nisingekuwa na hofu.

Kilichobaki kwenye sahani yake nimemaliza mimi. Chakula hakitupwi.

Alhamisi, 12 Juni

Aron wa Chelangat ana umri sawa na Kebaso, na mashavu mara mbili. Mamake hataji mashavu hayo. Huyapitisha tu mbele yangu.

Mpango: wale pamoja ili Kebaso aone wivu. Nikawaketisha uso kwa uso na viazi vya kupondwa. Aron akamaliza vyake. Kebaso akamtazama kwa heshima kubwa, akamsukumia sahani yake. Aron akamaliza na hiyo.

Nikaona si vibaya kujua Aron ana kilo ngapi. Kwa kulinganisha tu. Chelangat akaingia wakati mwanawe ananing'inia kwenye kikapu nami nasoma mshale. Akasimama mikono kiunoni. Akasema, "Karani, kilo zetu za majani umekata, sasa umefikia za watoto?"

Kilo kumi na mbili na nusu, kabla ya makato. Inaniuma.

Ijumaa, 13 Juni

Vijiko viwili. Viwili! Kwa Chelangat, eti ndizi tatu. Sikuandika.

Jumamosi, 14 Juni

Leo hakula asubuhi kabisa. Alikimbiza kuku, akaimba, akalala kifuani mwangu mdomo wazi. Nilikaa saa nzima bila kusogea, mkono ukafa ganzi. Nyumba hii bila yeye itakuwa stoo tu. Sitaki aende. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Kulia hakuongezi kilo. Wakulima wamenifundisha mengi bila kujua. Miaka tisa nimekamata magunia yaliyonyunyiziwa maji, magunia yenye matope, na lile la mzee Kiptanui lenye mawe. Nilimpigia kelele mbele ya watu.

Kesho Kebaso atavaa sweta tatu. Mifuko ipo.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe alifika saa tano. Nikasalimu nikiwa mlangoni, macho chini. Akamnyanyua Kebaso, akaguna kwamba ni mzito. Moyo wangu ukaruka! Kisha jiwe likatoka mfukoni mwa sweta na kumwangukia bibi huyo kwenye kidole cha mguu.

Akamvua sweta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akatoa jiwe la pili. Akafinya mapaja, akavuta kaptura iliyokuwa inambana, akacheka mpaka akakaa chini.

Akamwambia Kebaso, "Mwambie baba yako mtoto hapimwi kwa sahani moja. Leo anakataa, kesho anakula kama mchimba mtaro. Anacheza? Anakua? Anakojoa vizuri? Basi ameshiba. Na umwambie hutaenda popote."

Nikatoka nje haraka, nikasema moshi umeniingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Jumatatu, 16 Juni

Mama mkwe amesema kweli, nami ni mtu wa kukubali makosa. Sahani haipimi kitu. Mizani nimerudisha kituoni. Nimenunua daftari jipya na kuchora mistari: mkojo.

Saa nne asubuhi: mara tatu. Nimemwongezea kikombe cha maji. Nikamwuliza Chelangat, bila nia yoyote, Aron amefikisha ngapi. Akasema tano.

Tano! Haiwezekani. Huyo mama anapima vibaya.