Povu la Troy Maddigan

Jumatatu, 7 Oktoba
Babinda. Mvua, kama kawaida.
Sijagusa bia tangu tumzike shemeji Alf. Nani mwingine mji huu anaweza? Hakuna! Nikibaki mkavu, bila tone la pombe, Jumamosi namwendesha mpwa wangu Kirralee kanisani kwenye harusi yake, kwa gari la marehemu baba yake. Nikiteleza, dada Leanne kasema usukani anapewa Col wa jirani. Col! Anaendesha kama kapakia mayai.

Nguvu zangu zatoka kwa Troy Maddigan, yule wa podikasti ya walioacha pombe. Kafundisha soda ya tangawizi ya kuchachusha nyumbani. Anasema povu ni kilevi kinachotoka. Likizidi povu, soda inazidi kuwa safi. Sayansi tupu! Chupa zangu zimekaa chumba cha kufulia tangu mwezi jana. Safi kuliko maji ya ubatizo.

Jumatano, 9 Oktoba
Chupa imelipuka! Kifuniko kimetoboa dari. Leanne kaja mbio, kanusa, kauliza nimepika nini humu. Nikamwambia ni kilevi kinakimbia, haoni? Akasema marehemu mama alitengeneza soda hiyo hiyo, na hakuiacha ichachuke hata wiki. Sawa, lakini mama alikuwa na podikasti?
Nimekunywa tatu. Nimechangamka ajabu. Afya hiyo.

Alhamisi, 10 Oktoba
Msiba!
Tulikuwa tunaenda mazoezi ya harusi, Kirralee kando yangu. Nilikuwa nimepiga mbili za kulainisha koo. Darajani, askari na kipimo cha pombe. Nikamwambia asijisumbue, mimi mkavu kama biskuti. Nikamsimulia na jinsi nilivyomkaba mamba kwa taulo. Nikapuliza. Kikalia. Nikapuliza tena, kikalia zaidi!
“Shuka, mzee. Leo huendeshi tena, na leseni niachie.”
Mimi? Mlevi? Kwa soda?
Kirralee hakupiga kelele. Bora angepiga. Alisema tu, “Anko Des, uliniahidi kaburini kwa baba.” Kisha akampigia simu Col. Jamaa kaja amevaa glavu za kuendeshea! Kaniambia, “Panda nyuma, abiria. Funga mkanda.”

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimempigia Troy hewani, watu wote wasikie. Nikamweleza yote. Akajibu povu halina kosa, kipimo kimesoma hofu yangu. Hofu! Mimi! Nikamuuliza zake huziacha muda gani. Akacheka: hajawahi kutengeneza hata chupa moja, habari hiyo alipewa na mtu uwanja wa ndege.
Mtu. Uwanja. Wa ndege!
Na mimi nilimwamini kuliko kasisi. Nimemfuta kwenye simu. Nimezima simu, nimeiwasha tena nihakikishe kafutika.

Jumamosi, 12 Oktoba
Col kaendesha. Polepole, mpaka mbwa wakampita.
Nilisubiri mlango wa kanisa na mwavuli. Kirralee akashuka, mzuri hata nikasahau kujisifu. Akanisogezea uso. Nikadhani busu. Kumbe ananinusa!
“Haya, Anko. Nifunike mpaka ndani.”
Nilimfunika. Maji yaliyonitoka usoni yalikuwa mvua. Iandikwe hivyo.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimempata Bi Shirlene Pascoe. Podikasti nyingine kabisa. Leo kamwita Troy mwongo peupe, bila kupepesa. Huyo ndiye mkweli! Anasema kosa lote lilikuwa la tangawizi: kilevi hakikai kwenye nanasi.
Nimejaza ndoo mbili.