Maana Rasmi ya Kiti

Idara ya Maana za Picha ilitangaza kwa fahari kwamba kuanzia Jumatatu, kila kitu kinachoonekana kwenye filamu za zamani kitakuwa na maana moja tu, rasmi, yenye mhuri. Mvua ni huzuni. Ngazi ni tamaa ya cheo. Kivuli kirefu kuliko mwenyewe ni mwoga anayejikweza. Wananchi wasihangaike tena kufikiri. Kamati ya watu kumi na wanne ilikuwa imeshawafikiria.

Utekelezaji ulimwangukia mkaguzi mkongwe, mjane aliyekaa chumba cha maonyesho miaka ishirini na sita, wenzake wakimwita Mama Giza kwa sababu habari za jua alizisikia redioni. Mvua na ngazi hazikumsumbua. Kilichomkaba ni kipengele cha arobaini: kiti kitupu ni uchochezi, kwa kuwa kinadokeza kwamba mwenye kiti anaweza kuondoka, na kila uchochezi ukatwe.

Kulikuwa na filamu moja ya kale ya fundi saa aliyefiwa na mkewe. Mwishoni anakaa mezani. Anamimina chai vikombe viwili, kisha kamera inabaki kwenye kiti cha pili. Basi. Mama Giza aliiona na marehemu mumewe walipokuwa wachumba, na mwanaume yule alilia akasingizia mafua. Leo aikate kwa mkono wake mwenyewe?

Aliizungukazunguka siku tatu, mkasi mezani.

Siku ya nne ikaletwa filamu ya maisha ya Mkurugenzi wa Idara, ipitishwe haraka. Mkurugenzi anapanda ngazi za ofisi. Nje mvua inanyesha. Kivuli chake kimetambaa ukutani mpaka darini. Halafu, sekunde tisa nzima, kiti chake cha ngozi kinamsubiri aingie.

Mama Giza akajaza fomu kama alivyoagizwa: mhusika ana huzuni, ana tamaa ya cheo, ni mwoga anayejikweza, na anachochea watu wadhani ataondoka. Marufuku. Nakala kwa Waziri.

Mkurugenzi alishuka mwenyewe, fomu mkononi.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni maana, mkubwa. Ile rasmi."

Akamtaka aibadilishe, hasa hapo pa kuondoka. Mama Giza akamweleza kwa upole kwamba maana hubadilishwa na kamati peke yake. Kamati ikaitwa mbiombio, na kabla ya saa kumi Mkurugenzi akatia saini waraka mpya: kiti ni kiti tu, hakina maana yoyote.

Mama Giza akaurudisha mkasi kwenye droo. Akafunga mlango, akawasha mtambo, akaitazama filamu ya fundi saa mpaka mwisho, na hakujaza fomu.

Waraka ulisomwa kwa makini wizarani. Waziri alifarijika kuona Mkurugenzi amethibitisha, kwa saini yake mwenyewe, kwamba kiti chake hakina maana yoyote. Jumatano walifika watu wawili wa stoo kukichukua. Walimkuta amekikalia. Wakamwomba, kwa heshima zote, asimame kidogo.