Safu ya Nne

Jumatatu, 8 Septemba

Nimejiunga na utafiti! Mimi, Abdulkadiri, muuza mabegi wa Mtaa wa Kongo, miaka hamsini na mbili, kisukari mwaka wa tisa. Kliniki iko Upanga. Wanatafuta wanaume wenye sukari ambao mambo ya chumbani yamelala. Yangu yamelala miezi minane. Nimekunywa supu ya pweza mpaka muuzaji ananiita mjomba. Nimelamba unga wa mizizi wa bwana mmoja aliyeapa kwa jina la mama yake. Wapi!

Daktari Scholastika kaeleza vizuri. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na kule chini ndiko inakowahi kuonekana. Si uchawi. Si uzee. Kuna matibabu. Tumepewa vidonge, kashine ka kupimia sukari, na daftari la buluu lenye safu nne: tarehe, sukari, kutembea, tendo. Yaani tendo la ndoa, mara ngapi kwa wiki. Andikeni ukweli, kasema. Nikaitikia kwa unyenyekevu mkubwa.

Kasoro mbili. Ya kwanza, wanataka mke aje naye ajaze fomu yake. Nikasema mke wangu yuko Kilwa anauguza. Sitara yuko nyumbani Ilala, anachambua mchele. Sukari yangu anaijua, hili lingine hajui. Nimemwambia ni mgongo. Miezi minane ya mgongo!

Ya pili ni kubwa zaidi. Kwenye benchi la kusubiri, nani kakaa? Mbaruku! Muuza mabegi wa ng'ambo ya barabara, adui yangu tangu aige kibao cha duka langu neno kwa neno. Kasema anamsubiri shemeji yake. Nikasema mimi nimeleta barua. Nesi akatuita wote wawili kwa mpigo.

Daftari la buluu nimelivalisha gazeti, mtu asione muhuri wa kliniki. Hili jeusi ni langu mwenyewe. Humu sidanganyi.

Jumatano, 10 Septemba

Mbaruku kavuka barabara na kikombe cha kahawa. Bila sukari, kanionyesha. Kakataa kashata mbele za watu, kwa madoido. Kisha akaniinamia sikioni. Eti vidonge vimemkubali. Eti wiki hii keshaandika mara mbili.

Mbili! Mtu yule anapanda ngazi kwa kupumzika.

Mimi ukweli wangu ni sifuri. Lakini utafiti ni utafiti, na mimi siwezi kushindwa na mtu aliyeiga kibao. Nikaandika tatu. Moyo ukatulia. Nikala kashata mbili za kujipongeza.

Ijumaa, 12 Septemba

Daktari katuagiza kutembea nusu saa. Natoka baada ya swala ya alfajiri, naelekea Jangwani, raba mguuni, jasho mgongoni. Leo nimekutana na Mbaruku huko huko. Kila mmoja akajidai anaenda kwingine. Tukatembea sambamba bila kusemezana, kila mmoja akiongeza mwendo, mpaka tukawa tunakimbia, watu wazima na vitambi vyetu. Nimetonesha goti.

Nyumbani Sitara kauliza natoka wapi na jasho lote hili. Nikasema nilienda kuangalia mzigo. Kauliza mzigo gani unaangaliwa na raba. Nikaingia kuoga. Nikajipaka marashi maana nilikuwa nanuka. Kosa. Kaninusa, akaendelea kukuna nazi. Anakuna kwa nguvu siku hizi.

Kwenye daftari: nne.

Jumapili, 14 Septemba

Mbaruku kasema amefika tano. Nikamuuliza anapata wapi muda. Kacheka tu.

Mpango mpya: supu ya pweza juu ya vidonge, nguvu mbili zikutane. Mabakuli matatu, chapati nne, soda moja ya kushushia. Sukari ikapanda hadi kumi na saba nukta mbili. Kichwa kikazunguka, nikalala kibarazani mchana kutwa, kinywa kikavu. Kwenye safu ya sukari nikaandika saba. Kwenye safu ya nne nikaandika sita. Daktari atafurahi.

Jumanne, 16 Septemba

Balaa.

Mbaruku kaja dukani kwangu asubuhi, mpole kupita kiasi. Kasema jana mama Haruna, yaani Sitara wangu, kanunua begi kwake. Kubwa, la magurudumu, la safari ndefu. Mke wa muuza mabegi kununua begi kwa jirani! Mtaa mzima umeona. Kwangu yamejaa mpaka darini, ya saizi hiyo yako kumi na moja. Nikaelewa mara moja. Kanunua kule ili habari inifikie, na inifikie kwa mdomo wa Mbaruku.

Nikafunga duka, nikakimbia nyumbani na goti langu. Kabati tupu. Mezani daftari la buluu, wazi. Kalikuta chini ya godoro nilikolificha. Safu ya nne kaizungushia kalamu nyekundu. Tatu. Nne. Sita. Chini kaandika: “Mimi sijaguswa tangu Januari. Huyo anayepewa sita ni nani?”

Niliketi sakafuni. Jamani, sita! Ningeandika hata moja.

Kaenda kwa dada yake Swaumu, Kigamboni.

Jumatano, 17 Septemba

Nimevuka na pantoni ya saa mbili kutoka Magogoni. Nikiwa kwenye maji nikapanga mpango. Kumwambia ukweli, siwezi, uso nitauweka wapi. Bora nikiri nina mwanamke, jina lake Klara, na nimeshamwacha. Mwanamume anayekosa husamehewa. Mwanamume asiyeweza, atachekwa mpaka kaburini. Nikaona ni mpango mzuri sana.

Swaumu kanifungulia na mwiko mkononi. Kanikaribisha kwa adabu zote, akaketi kusikiliza. Nikakiri. Swaumu kauliza Klara anakaa wapi. Nikasema Mbagala. Sitara kauliza anafanya kazi gani. Nikasema muuguzi. Wakauliza mrefu au mfupi. Nikasema mrefu, na palepale nikasema wa wastani. Swaumu kaomba simu yangu aone namba ya huyo Klara. Simu ina namba za wauza mabegi na fundi wa zipu tu.

Swaumu akainuka kwenda kuchungulia jiko. Sitara hakunifokea, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikunja ushungi wake vidoleni, akasema polepole:

“Baba Haruna, miezi minane nalala naangalia ukuta. Nimebadilisha manukato. Nimefuma shuka mpya. Nikajiuliza nimezeeka lini, mbona sikuona. Kama umenichoka, sema, nijue.”

Nikashindwa. Machozi yalinitoka, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nikatoa mfukoni kadi ya kliniki, nikaiweka mapajani kwake. Kaisoma mara mbili. Nikamwambia ni sukari, si yeye. Hakuna Klara. Hakuna tatu, hakuna nne, hakuna sita. Nilikuwa nashindana na Mbaruku.

“Na Mbaruku?” kauliza.

Nikasema Mbaruku naye.

Sitara akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Swaumu alirudi mbio akidhani mdogo wake amepandwa na kitu. Halafu Sitara akalia kidogo, akanipiga begani na kadi, akasema mjinga mimi, miezi minane yote ameibeba peke yake wakati tungeibeba wawili. Tulirudi pamoja mchana. Begi nililivuta mimi. Lina magurudumu mazuri, sitamwambia Mbaruku.

Alhamisi, 18 Septemba

Tumeenda kliniki wote wawili. Daktari kamwamkia Sitara, kampa pole na mgonjwa wa Kilwa. Sitara kanitazama. Nikakagua dari.

Kisha daktari kachukua kashine kangu, akabonyeza kitufe. Kumbe kanakumbuka! Vipimo vyote vimo, na saa zake. Jumapili, kumi na saba nukta mbili. Kwenye daftari, saba. Kauliza nilikula nini. Kabla sijafungua mdomo Sitara akajibu yote, mpaka soda. Sijui alinionaje.

Daktari akafika safu ya nne. Akavua miwani. Kasema kwa upole kwamba utafiti huu utasaidia wanaume wengi wanaoona aibu kama mimi, na kila namba ya uongo inamdanganya mmoja wao. Nikaona haya kweli. Akamweleza Sitara kila kitu, hata kwamba vidonge vyenyewe haviwezi kitu bila sukari kushuka na bila mtu kutulia moyo. Utaratibu mpya kwa wagonjwa wote: safu ya nne mke atatia saini. Kwa nini kwa wote? Kasema nina mwenzangu aliyeandika saba.

Nje, kwenye benchi, Mbaruku na mkewe Nasreen. Mbaruku anaangalia viatu vyake. Sitara na Nasreen wakasalimiana, wakatazamana, wakaanza kucheka bila kuambiana neno.

Jumapili, 21 Septemba

Sukari saba nukta nne! Ya kweli, mashine shahidi. Siku tatu hakuna kashata, hakuna soda. Sitara anatembea nami asubuhi, ananiacha nyuma. Naapa uongo nimeacha kabisa. Mtu mpya.

Na jana alasiri. Sitaandika mengi. Niseme tu nyumba ilikuwa kimya, hatukuwa na haraka, na leo Sitara anaimba jikoni. Moyo wangu mweupe. Safu ya nne nimeandika moja, akatia saini huku akitabasamu. Moja halali! Nimeiangalia hiyo moja kama cheti.

Nimekutana na Mbaruku baada ya adhuhuri. Nikamwonyesha. Naye akafungua lake. Mbili. Saini ya Nasreen, wino bado mbichi.

Moja ni rahisi kuigeuza nne, inahitaji vijistari viwili tu, ila daktari ana macho. Bora ukurasa mpya. Saini ya Sitara si ngumu, ina mkia mmoja unaopinda kushoto. Nimeijaribu mara kumi nyuma ya boksi la mabegi. Ya nane imefanana kabisa.