Bawasiri na Kikohozi Bandia

Mahajanga, Madagaska, Jumatatu 13 Julai 2020
Bawasiri imerudi. Kukaa siwezi, na mimi ni fundi cherehani! Nikaenda kwa Daktari Hadjira, anayetutibu mimi na mke wangu Sittina mwaka wa ishirini huu. Kumbe kafunga mlango kwa sababu ya korona, anatibu kupitia dirishani. Wagonjwa uani, mita mbili mbili, kila mmoja anapaza sauti kutaja maradhi yake. Mtaa mzima unasikia. Nyuma yangu nani? Zoubeir, muuza vitambaa, tunayegombea naye uenyekiti wa kamati ya msikiti! Daktari akaniuliza nina nini. Nikasema nimepita kumsalimu tu.

Jumanne 14 Julai
Nimepata akili. Wenye kikohozi huondolewa foleni. Bila shaka huonwa faragha. Basi nikakohoa. Nilikohoa vizuri mno! Foleni ikatawanyika, Zoubeir akaacha kandambili moja. Wakaja watu wawili waliojifunika kama warina asali. Faragha? Wapi! Wamenileta karantini, darasani shuleni, mpaka majibu ya kipimo yatoke.

Alhamisi 16 Julai
Viti vyote vya mbao. Kwenye kitanda cha pili yuko Mroivili, mkata tiketi wa kivuko cha Katsepy. Huyu anakohoa kweli. Kati yetu pazia tu. Nimeingia mzima, nitatoka maiti! Akaniuliza kwa upole kama nitakula chungwa lake. Nikaona haya. Nikamsogezea maji kwa mpini wa ufagio.

Jumapili 19 Julai
Mroivili hajala tangu jana. Nimemwombea, nikajiombea zaidi. Daktari Hadjira akaja, akasimama getini. Uzalendo ukanishinda. Nikapaza sauti dirishani: "Daktari, sina kikohozi! Nina bawasiri!"
Nje ya ukuta ni soko. Soko zima likageuza shingo. Daktari akajibu kwa sauti ile ile, kwa Kimalagasi safi ambacho kila mtu sokoni anakielewa: beseni la maji ya uvuguvugu, mara tatu kwa siku, na pilipili niache. Muuza ndizi akayarudia maneno hayo kwa wasiosikia.

Jumatano 22 Julai
Majibu: sina korona! Mroivili naye hana, ni mapafu yaliyoshika baridi. Ameomba uji. Alhamdulillahi, tulilia wote wawili, kila mtu upande wake wa pazia.
Nyumbani Sittina kanipokea na beseni la bluu. Limetoka wapi? Kwa Zoubeir. Amesema kwake limeshafanya kazi. Kumbe naye! Mtu mwema yule. Nimemsema vibaya miaka mingi. Nimekaa ndani ya maji yale nikahisi nimezaliwa upya.

Jumatatu 27 Julai
Nakaa! Nashona! Daktari sasa anasikiliza wagonjwa kwa simu, kisha mlangoni hubandikwa karatasi: jina la mgonjwa na dawa iliyo tayari. Tangu juzi nina upele mahali pasipotajika. Jina langu mlangoni? Ng'o!
Nimepiga simu asubuhi hii, nimeikaza sauti iwe nzito. Nimesema mimi ni Zoubeir.