Java Mbili Katika Mashine Moja

Jumatatu, 3 Machi
Daktari mkuu wa zahanati anasema kuanzia mwezi ujao atabaki fundi mmoja tu wa kompyuta. Tuko wawili: mimi na mwenzangu ninayemwita Miwani. Ila nimepata wazo. Kompyuta ya mapokezi inatumia mfumo wa Linux, na programu ya wagonjwa inaendeshwa na Java kuukuu, ile programu ya chini ambayo bila hiyo haifunguki. Nitaweka mpya kabla Miwani hajazinduka. Mke wangu kauliza kama programu yenyewe itaikubali. Nikamjibu kipya kinyemi.

Jumanne, 4 Machi
Mpya imeingia. Sasa ziko mbili. Mashine ikauliza itumie ipi. Nikachagua mpya. Programu ilikuwa imeshafunguliwa, ikaendelea na kazi kama kawaida. Nikamwambia daktari mkuu nimeiongezea kasi. Akasema ameona tofauti. Hata mimi nikaiona.

Jumatano, 5 Machi
Dada wa mapokezi aliizima mashine, akaiwasha. Programu ikagoma. Foleni mpaka nje. Mama mmoja kampakata mtoto anayechemka homa, anauliza faili lake liko wapi. Nikasema ni umeme. Taa zote zilikuwa zinawaka.

Nikajificha stoo, nikijifanya naongea na simu. Nyayo za daktari mkuu zikaja, zikasimama mlangoni. Zikaondoka.

Miwani ndiye aliyeirudisha Java ya zamani. Programu ikafunguka, mtoto akatibiwa. Kisha Miwani akanifuata stoo, akaninong'oneza: "Kaka, hii programu iliandikwa kwa Java ile ya zamani, kwa mpya haifunguki. Usiiguse tena. Sijamwambia mtu."

Hajamwambia mtu! Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Anayenyamaza ana lake jambo.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari mkuu kaniita. Kumbe alitaka kujua kama naumwa, maana uso umenisawijika. Nikasema ni uchovu wa kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewaza sana, na kosa nimeliona. Tatizo halikuwa Java mpya. Tatizo ni kwamba ziko mbili, na zikiwa mbili mtu kama Miwani anapata pa kurudi. Leo yuko msibani. Nimeifuta ya zamani kabisa, mpya ndiyo inayotumika, na mashine nimeizima na kuiwasha mwenyewe ili kazi ikamilike.

Dada wa mapokezi ananiita. Ananiita kwa majina yangu yote matatu. Bila shaka anataka kunishukuru.